Mti Usioguswa na Mbuzi

Ukisikia injini ya Gelasius inalia, ujue mwezi wa sita umefika Litapunga. Alizeti zimepurwa na kupepetwa. Kina mama wako njiani na magunia kichwani.

Gelasius ana mashine ya kukamua alizeti. Iko chini ya banda la bati, pembeni ya nyumba yake. Utaratibu wake unajulikana na kila mtu. Wewe unaleta alizeti, yeye anakukamulia. Mafuta ni yako. Mashudu ni yake. Mashudu ni yale makapi yanayobaki mbegu zikishatoa mafuta. Gelasius huyachanganya na pumba, akawapa nguruwe wake. Majirani walikuwa wakisema nguruwe wa Gelasius wananawiri kuliko watoto wa watu. Mke wake Bibiana hakuwahi kuucheka utani huo.

Mwaka mmoja dizeli ilisumbua. Leo ipo Mpanda mjini, kesho hakuna. Ukiipata, bei imepanda. Ukiiagiza kwa bodaboda, inafika imechanganywa na mafuta ya taa. Siku ya tatu mashine haijalia, magunia ya watu yakajaa bandani.

"Watu wanaanza kuulizia mashine ya Inyonga," Bibiana alisema.

"Waende. Warudi na mgongo unauma," Gelasius alijibu. Lakini hakuwa na raha. Alikaa juu ya gunia akiangalia ua wa shamba lake.

Ua ule ulikuwa wa mibono, ile inayoitwa mbono kaburi. Na hapa lazima tukumbushane, maana watu wanapenda kusahau.

Zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita ilikuja kampuni moja na gari jeupe. Wakatukusanya shuleni. Wakasema mbegu za mbono zina mafuta ya kuendesha magari, na dunia nzima inayataka. Wakagawa vipeperushi vyenye picha ya mkulima anacheka. Wako waliong'oa mahindi wakapanda mbono. Mwaka wa mavuno gari jeupe halikuonekana. Simu yao haikuita tena. Tukala mboga za porini mwaka ule, na magunia ya mbono yalijaa mpaka chumba cha kulala. Hakuna aliyekuja kusema samahani.

Lakini jambo moja ni baya kuliko hilo. Katika maneno yote waliyosema pale shuleni, hawakusema mbegu ile ni sumu. Hata neno moja.

Mibono ya Gelasius ilibaki, ikawa ua. Mwaka huo wa shida ya dizeli ilikuwa imezaa sana. Mbegu nyeusi zilikuwa zimeanguka chini, kavu.

"Mama Jonas," Gelasius alimwambia mkewe, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Wale watu walikuwa waongo, lakini mafuta yamo. Nakumbuka mbegu moja ukiiwasha inawaka kama mshumaa. Kama inawaka, injini itaila."

"Injini imekuambia?"

"Nitaiuliza."

Alhamisi na Ijumaa waliokota mbegu, wakazipepeta, wakajaza magunia mawili. Dizeli iliyobaki kwenye tangi ilitosha kuwasha injini. Jumamosi asubuhi Gelasius akamimina mbono kwenye mashine ileile ya alizeti. Mafuta yakatoka, ya njano, mazuri kuyatazama. Akayapitisha kwenye pipa lake la kuchujia, lenye kile kitambaa cha siku zote. Akamimina lita chache kwenye tangi la injini.

Injini ikakohoa. Ikatoa moshi wenye harufu ngeni. Kisha ikalia vizuri kabisa.

Gelasius alikaa chini akacheka peke yake. "Dizeli imeota uani kwangu," alisema. "Muda wote huo, na mimi nahangaika na bodaboda."

"Na haya mashudu?" Bibiana aliuliza. "Ni mengi."

"Mashudu ya siku zote yanakwenda wapi?"

Basi Jumamosi jioni nguruwe wanne walipewa mashudu ya mbono, yamechanganywa na pumba, na maji juu yake.

Mchana wa Jumamosi hiyohiyo alikuja Fausta. Ni jirani yao wa nyumba ya tatu. Alikuwa na gunia moja la alizeti na haraka nyingi.

"Shemeji, nikamulie leo leo. Kesho Mercy wangu anapokea Komunyo ya Kwanza. Nina maandazi ya kukaanga kwa watoto kumi na wawili wa darasa lake. Katekista kasema baada ya misa wote waje kwangu."

"Watoto wenyewe watakuja na njaa."

"Si watakuwa wamefunga? Hawali kitu mpaka wapokee. Wakitoka kanisani ni kama nzige."

Gelasius alimpisha mbele ya magunia ya wengine, akaifuta mashine kwa kitambaa. Aliona inatosha. Akakamua alizeti ya Fausta, akayachuja mafuta kwenye pipa lilelile, akamjazia dumu la njano. Fausta alinusa akasema, "Mbona yananuka kidogo?"

"Ni moshi wa injini, shemeji."

Alipoondoka tu, injini ikakwama. Gelasius alizungusha mkono wa kuwashia mpaka bega likauma. Kimya. Akampigia fundi Pudensiana, aliyeko Mpanda mjini.

Pudensiana ni mama wa miaka kama hamsini. Amefungua injini nyingi kuliko mwanamume yeyote tunayemjua, na maneno yake hayana sukari. Alifika Jumapili asubuhi kwa pikipiki yake, akiwa ametoka misa ya kwanza mjini. Mikoba ya spana ilining'inia pembeni.

"Shikamoo, fundi," Bibiana alisema.

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Alifungua nozo, pale mafuta yanaporushwa kuingia ndani ya injini. Ilikuwa imeziba na uchafu unaonata. Akaugusa kwa kidole, akaunusa.

"Gelasius, umeinywesha nini injini hii?"

Gelasius alijikuna kichwa. "Mafuta ya mbono."

"Ulisubiri yatulie? Uliyachuja vizuri?"

"Nilichuja mara moja."

"Mara moja. Hata chai tunachuja vizuri kuliko hivyo." Alitaka kuendelea kumsema, lakini akanyamaza. Kulikuwa na sauti kutoka bandani kwa nguruwe. Haikuwa sauti ya njaa.

Wote watatu walikwenda kutazama. Jike kubwa lilikuwa limelala ubavu, miguu inatetemeka. Mwingine alikuwa anatapika. Banda lote lilikuwa limejaa mavi ya majimaji yenye damu. Bibiana aliweka mkono mdomoni.

"Jana jioni walikula nini?" Pudensiana aliuliza.

"Mashudu."

"Ya nini?"

Gelasius alitazama ua. "Ya mbono," alisema.

Fundi alishika ukuta wa banda. "Baba Jonas. Mbuzi wako wanapita wapi wakienda malishoni?"

"Kando ya ua."

"Mbuzi anakula gunia. Anakula kanga iliyoanikwa. Hujawahi kujiuliza kwa nini miaka yote hiyo haugusi ua wako? Wazee wetu walipanda mbono kuzunguka makaburi kwa sababu hiyo. Hakuna mnyama anayeugusa. Mbegu ni sumu. Mafuta yake ni sumu ukiyala. Mashudu yake ni sumu."

"Nilijua majani ni machungu," Gelasius alisema polepole. "Nilifikiri ikishakamuliwa..."

Pudensiana hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anaitazama mashine.

"Baada ya mbono, mashine hii ilikamua nini?"

Bibiana ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akakaa chini palepale kwenye tope.

"Alizeti ya Fausta," alisema. "Maandazi ya watoto."

Gelasius alipiga simu ya Fausta. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Simu ilikuwa ndani kwenye chaji, na Fausta alikuwa ameshatoka kanisani, yuko uani na wageni, amevaa kitenge kipya.

"Panda," Pudensiana alisema, na pikipiki ilikuwa imeshawaka.

Kutoka kwa Gelasius mpaka kwa Fausta si mbali. Lakini Gelasius anasema mpaka leo kwamba njia ile ilirefuka. Walipokaribia, alisikia watoto wanaimba wimbo wa Ekaristi, na moyo ukatulia kidogo. Alifikiri kama wanaimba, basi hawajala.

Walikuwa wameshakula.

Watoto walikaa kwenye mikeka, mavazi meupe, mashada ya maua kichwani. Katikati kulikuwa na beseni. Yalikuwa yamebaki maandazi matano. Watu wazima walikuwa wanangoja wali ulioko jikoni. Fausta alikuja mbio na sahani mkononi.

"Shemeji, karibu, afadhali umekuja. Fundi, karibu." Kisha akaona nyuso zao. "Kuna nini?"

Gelasius alifungua mdomo. Watu zaidi ya arobaini walikuwa wanamtazama. Katekista Melkior alikuwepo. Baba mkwe wa Fausta alikuwepo. Gelasius alimnong'oneza Fausta, "Mafuta yale yameharibika kidogo. Waambie watoto wasiendelee."

Pudensiana alimshika mkono kwa nguvu. "Si hivyo. Sema kitu chenyewe. Daktari atawatibu vipi kama wewe unaona aibu?"

Palepale Mercy akainuka kutoka kwenye mkeka. Gauni lake lilikuwa jeupe kama unga. "Mama," alisema, "koo linaniwaka." Akatapika mbele ya wote.

Wimbo ulikatika. Gelasius alivua kofia.

"Nisikilizeni," alisema kwa sauti. "Nilikamua mbegu za mbono kwenye mashine yangu. Nikakamua alizeti ya Fausta juu yake, bila kuosha. Mbono ni sumu. Watoto wamekula sumu yangu. Nguruwe wangu wanakufa sasa hivi kwa kitu hichohicho. Tuwapeleke zahanati."

Fausta alishusha ile sahani chini taratibu sana. Halafu kila mtu akakimbilia mtoto wake.

Bibi mmoja alimshika mjukuu akataka kumwingiza vidole kooni. Pudensiana alimzuia.

"Usimtapishe kwa nguvu, mama. Anaweza kupaliwa, sumu ikaingia kwenye mapafu. Anayeweza kunywa, mpeni maji safi, kidogo kidogo. Twendeni. Na lile dumu la mafuta tunakwenda nalo, daktari alione."

Walikwenda kwa pikipiki, kwa baiskeli na kwa mgongo. Njiani Fausta alimbeba Mercy. Alimwambia Gelasius neno moja tu.

"Nilikuuliza kuhusu harufu."

Alikuwa amemuuliza.

Watoto tisa waliumwa. Walitapika, wakaharisha, matumbo yakawakata. Daktari wa zahanati aliwapa maji ya chumvi na sukari ya kunywa. Watatu walitundikiwa dripu. Mercy alikuwa amekula maandazi manne, kwa hiyo yeye ndiye aliyezidiwa. Mchana wote macho yalikuwa yamezama. Mama yake aliushika mkono wake akamwita kila dakika, kama mtu anayehesabu.

Jioni Mercy aliomba maji mwenyewe.

"Atapona," daktari alisema. "Wote watapona. Mngesema ni homa ya tumbo tu, ningepoteza muda. Aliyesema ukweli mapema ni nani?"

Watu walimwonyesha Gelasius kwa kidole. Hakuna aliyemsifu. Hata yeye hakuinua uso.

Nguruwe watatu walikufa. Walifukiwa kwenye shimo refu, hakuna aliyeruhusiwa kula nyama.

Jumanne watu waliingia kwa Gelasius na mapanga. Hawakuja kumkata yeye. Walikuja kuukata ua. Gelasius mwenyewe alikuwa na panga, ameshaangusha mibono miwili. Pudensiana alikuwa amerudi kumalizia injini.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Tunang'oa sumu," Melkior alisema.

"Na dizeli, si sumu? Kuna mtu hapa anakaangia maandazi? Mbona hamjachoma vituo vya mafuta?"

Watu walisimama. Wengine walikasirika, lakini walisimama.

"Mimi nilipanda mbono na baba yangu kwa ajili ya kampuni ileile iliyowadanganya nyie," alisema. "Baba amekufa akiwa na magunia chini ya kitanda. Nilikasirika, nikaamua nijue mmea huu kuliko wao. Walisema uongo kwamba utatutajirisha. Wakaficha kwamba ni sumu. Lakini kwamba mafuta yake yanaendesha injini, hapo hawakudanganya. Sasa kwa nini tutupe ule ukweli mmoja?"

"Faida yake nini?" Bibiana aliuliza. "Nimezika nguruwe watatu."

"Dizeli, mama, inachimbwa ardhini. Ikichimbwa imekwisha, hairudi. Na inatoka mbali, ndiyo maana mnakaa siku tatu mashine kimya. Mbono huu ukizaa mwaka huu, mwakani unazaa tena. Nishati inayorudi ndiyo hiyo. Ila ina masharti. La kwanza, chombo cha mbono kisikutane na chombo cha chakula hata siku moja. Mashine yake, pipa lake, dumu lake, kitambaa chake. Vyote vipakwe rangi nyekundu."

"Na injini ilikwama kwa nini?" Gelasius aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku hiyo.

"Ulikuwa na pupa. Mafuta yakitoka, yaache yatulie wiki nzima, uchafu ukae chini. Chota ya juu. Chuja kwa kitambaa kizito, mara mbili au tatu. Halafu washa injini kwa dizeli kidogo. Ikipata moto, ipe mbono. Ukikaribia kuzima, rudisha dizeli, isafishe nozo. Na hii ni kwa injini nzito ya polepole kama yako. Pikipiki usiiguse. Magari ya sasa yanataka mafuta yaliyopikwa kiwandani kwa dawa kali. Mtu asijaribu kupika dawa hizo nyumbani kwake."

"Mashudu?"

"Yaoze shimoni, uyaweke shambani. Ni mbolea nzuri. Mnyama asiyaone."

Kijana mmoja alisema amesikia redioni kwamba hata ule utando wa kijani wa kwenye maji una mafuta.

"Huo ni mwani mdogo," Pudensiana alisema. "Ni kweli una mafuta. Unakua haraka na hautaki shamba. Lakini kuyatoa bado ni kazi kubwa na ghali, wataalamu wanahangaika nayo kwenye maabara. Gelasius, nakuona unaangalia bwawani. Acha."

Hapo ndipo watu walipocheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Gelasius hakucheka, lakini aliliweka panga chini.

"Lingine," fundi alisema. "Mbono ni wa uani na kwenye ardhi iliyochoka. Akija tena mtu na gari jeupe awaambie mng'oe mahindi, mwulizeni tutakula nini. Akisema mfyeke msitu wa Ugalla mpande mbono, mfukuzeni. Huo msitu ukishaukata na kuuchoma, moshi wake unazidi ule wa dizeli yote unayookoa, na nyuki wenu wamekwenda. Na mwulizeni swali ambalo hatukuuliza siku ile shuleni: hiki kitu kina ubaya gani? Asipojibu, mkutano umekwisha."

Ua ulibaki.

Gelasius alitengeneza kikamulio kidogo cha mkono kwa ajili ya mbono peke yake. Kipo upande wa pili wa shamba, ndani ya kibanda chenye kufuli. Kila chombo ni chekundu. Mashine ya alizeti ilifunguliwa yote, ikaoshwa kwa maji moto na sabuni, chuma kwa chuma. Pipa na kitambaa vya zamani vilifukiwa. Mafuta ya kwanza yaliyotoka baada ya hapo hayakuliwa. Mlangoni Bibiana aliandika kwa mkono wake, maana alikuwa ameanza darasa la kisomo: MBONO NI SUMU. NI WA INJINI TU.

Mwaka uliofuata dizeli ilipotea tena wiki mbili nzima katikati ya msimu. Mashine nyingine zilinyamaza. Ya Gelasius ililia kila siku, kwa mafuta ya uani na dizeli kidogo ya kuwashia na kuzimia. Watu walikuja hata kutoka vijiji vya mbali.

Fausta hakuja. Wiki ya kwanza alipita barabarani na gunia lake, hakugeuza shingo. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu alikunja kona akaingia. Mercy alikuwa nyuma yake, amebeba sufuria na kibakuli cha unga uliokandwa.

"Kamua," Fausta alisema.

Gelasius alikamua. Mafuta yalipotoka, Fausta aliyachota, akawasha moto kwa mafiga matatu palepale uani, akakaanga andazi moja. Akalitoa. Akalishika kwa jani la mgomba, akamnyooshea Gelasius.

"Kula wewe kwanza."

Bandani kulikuwa na kina mama sita wanangoja zamu. Gelasius alilipokea. Lilikuwa la moto, akala lote, akalamba vidole. Fausta akakaa juu ya gunia lake. Hakuondoka. Alikaa saa nzima akimtazama usoni, na Gelasius alisimama palepale akatazamwa.

Kisha Fausta alikaanga la pili. Akalimega, nusu akala yeye, nusu akampa Mercy.

Siku hizi ndiyo utaratibu wetu Litapunga. Mafuta ni yako, mashudu ni yake, na andazi la kwanza ni la mwenye mashine.